Daraja la Kwenye Simu

Nchi ya hadithi hii haipo. Usiitafute kwenye ramani, na ukiona mahali inafanana na kwenu, jua ni macho yako, na macho yana hospitali yake. Haina hata jina, kwa sababu kamati iliyopewa kazi ya kuitafutia jina bado iko kwenye semina elekezi, na semina ikiisha kutakuwa na warsha. Wenyewe huiita tu Jamhuri, kwa heshima, huku wameshika simu mkononi.

Kushika simu ndio wajibu wa kwanza wa raia wa nchi hiyo. Serikali iligundua zamani kwamba wananchi wana shughuli nyingi na hawana muda wa kusikiliza hotuba, ikawaundia Wizara ya Masikio ya Umma ili iwasikilizie. Mwanzoni wizara ilitumia masikio ya kawaida, ya makarani, mpaka makarani wakaanza kusinzia na kukoroma kwenye mikutano. Ndipo Waziri wa Masikio, Mheshimiwa Dakta Pazi Makoroboi, alipoagiza mtambo. Uliitwa Mfupishi wa Taifa. Kazi yake ilikuwa kumsikiliza na kumtazama kila mgombea, kisha kutuma muhtasari kwenye kila simu ya Jamhuri. Lililokuwemo kwenye muhtasari ndilo lililosemwa. Ambalo halimo, basi mgombea alikuwa anapiga miayo.

Mtambo haukuzaliwa na akili, ulifundishwa. Kamati ya wastaafu ilikaa nao ukumbini kwa chai na sambusa, ikaulisha magazeti yote ya zamani, gumzo zote za vijiwe vya kahawa, na maoni yote ambayo raia waliwahi kuandika chini ya picha za watu wasiowajua. Mtambo ukala, ukacheua, ukaelewa: mwanamume husema, mwanamke huvaa. Kamati ikafurahi mno. Ikaupa mtambo cheti cha kutokuwa na upendeleo, na cheti kikatiwa fremu ya dhahabu, kikatundikwa juu ya mlango wa wizara mahali ambapo kila mtu angekiona.

* * *

Sasa huko Lukumbi Ng'ambo, jimbo lililo upande wa pili wa mto Lukumbi, aliishi muuguzi wa zahanati aitwaye Chausiku Mbelwa. Alikuwa mama wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya kuamsha wagonjwa walioamua kulala na dozi bila kunywa. Mumewe, Ndekule, alikuwa fundi redio mpole aliyependa mambo mawili duniani, ukimya na kupika pilau. Nyumbani kwao waliishi hivyo, mmoja anasema na mwingine anapika, na hakuna aliyewahi kulalamika njaa wala kelele.

Mbunge wa jimbo hilo alikuwa Makoroboi mwenyewe, yule waziri. Ndiye aliyelizindua Daraja la Lukumbi. Alilizindua akiwa makao makuu, kwa kuwa Ng'ambo kuna vumbi. Utepe ulikatwa ukumbini, keki ikakatwa, na picha ya daraja ikarushwa mtandaoni. Picha yenyewe ilichorwa kwa kompyuta, na ilikuwa nzuri kupita kiasi: nguzo nyeupe, taa za rangi, hata samaki wanaruka chini yake kwa furaha. Ilipata mioyo myekundu mingi sana kutoka kwa wananchi, hadi Baraza la Mawaziri likaona saruji haina haja tena. "Wananchi wameshalipokea daraja lao," alisema Makoroboi. "Kulijenga sasa itakuwa ni kurudia kazi." Daraja likaingizwa kwenye ramani za simu zote, na faili likafungwa.

Mto haukupewa taarifa. Ukaendelea kujaa kila masika.

Siku moja ya masika Sikuzani, mdogo wake Chausiku, alishikwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Chausiku akaita gari la wagonjwa kutoka mjini. Gari lilikuja upesi, likasimama ng'ambo ya pili. Simu ya dereva ilimwambia, "Endelea mbele moja kwa moja, umekaribia kufika." Dereva alikuwa mtumishi mtiifu. Aliyaona maji kwa macho yake, lakini simu ilionyesha daraja, naye akadhani labda mtandao uko taratibu. Akakaa kwenye gari akisubiri daraja lifunguke. Mitumbwi ilikuwa imefungwa kwa sababu ya mkondo. Sikuzani akafia ukingoni, mkono wake ukiwa mkononi mwa dada yake, na mtoto akaenda naye.

Chausiku hakulia siku ile. Alikasirika, tena hasira ile ya kimya ambayo hata Ndekule aliiogopa. Arobaini ilipopita alikwenda kuchukua fomu ya kugombea ubunge. Hakuwa na ilani ya kurasa mia. Alikuwa na maneno mawili tu ya kuiambia Jamhuri, kwa sababu masika mengine yalikuwa njiani na zahanati ilikuwa na wajawazito wengine wanaohesabu miezi. Maneno yenyewe yalikuwa haya: daraja halipo.

* * *

Mkutano wa kwanza ulifanyika uwanja wa shule ya mjini, kwa kuwa Ng'ambo kuna vumbi. Kwa mujibu wa Kanuni za Staha, mgombea wa kike kabla ya kuhutubia hujibu kwanza Maswali ya Heshima. Mgombea wa kiume hana maswali hayo, maana heshima yake inajulikana.

"Mheshimiwa mgombea," aliuliza mshereheshaji, "mumeo anaonaje?"

"Anaona vizuri. Ana miwani."

"Watoto umemwachia nani?"

"Watoto wangu wameoa."

"Leo nyumbani nani amepika?"

"Ndekule. Na akisikia unauliza hivyo atakukaribisha."

Muda wake ulipobaki kiduchu, Chausiku alizungumza juu ya daraja. Alieleza mto ulivyo, gari la wagonjwa lilivyosimama, watu wanavyovuka kwa kamba kama nguo zilizoanikwa. Kisha akapanda Makoroboi, akakaa kwenye kiti cha enzi alichokuja nacho, akasinzia kidogo, akapiga chafya, akashuka.

Simu zikalia Jamhuri nzima. Mfupishi wa Taifa ulikuwa umetoa muhtasari:

"MAKOROBOI ATAFAKARI KWA KINA MUSTAKABALI WA TAIFA. Chafya yake yaleta utulivu sokoni."

Na chini yake:

"BI. CHAUSIKU AVAA GAUNI LA KIJANI. Nywele amesuka mistari. Viatu vya kawaida. Alisema kitu."

Maoni yakamiminika kutoka pembe zote za nchi. Mmoja aliandika kwamba kijani hakimkai. Mwingine aliuliza kama mistari ile ni nywele zake. Profesa mmoja wa siasa aliandika makala ndefu kuhusu viatu. Juu ya daraja hakuna aliyeandika hata nukta, na wengine walimalizia kwa kumshauri atabasamu.

Chausiku hakukata tamaa. Mkutano uliofuata alipaza sauti mpaka spika zikakwaruza. Muhtasari ukasema: "BI. CHAUSIKU AFOKA. Wachambuzi wahoji usalama wa ndoa yake." Mkutano mwingine akasema taratibu, kama anayebembeleza mtoto. Muhtasari: "BI. CHAUSIKU ANYONG'EA. Je, ataziweza kelele za Bunge?" Ndekule akamwonea huruma, akajitolea kuisoma hotuba yeye, kwa sababu mtambo husikia wanaume. Alisoma kwa shida, maana hakuzoea maneno mengi. Muhtasari: "MUME AMSEMEA MKEWE. Bi. Chausiku, aliyekaa nyuma akiwa na blauzi ya maua, ashindwa kujieleza."

"Mama Rehani, nisamehe," alisema Ndekule walipofika nyumbani.

"Hukukosa wewe. Lakini sikuazimi tena mdomo, Baba Rehani. Wa kwangu mzima."

Mkutano wa tano ndio uliomuumiza. Alifika kwenye kifo cha Sikuzani, akataja jina lake, na machozi aliyoyazuia tangu siku ile ukingoni yakatoka yote mbele za watu. Akina mama uwanjani walilia naye. Kisha simu zikalia: "BI. CHAUSIKU ATOKWA NA MACHOZI. Wanja wake haukuchuruzika. Bofya hapa ujue ni wanja gani." Watu wengi walibofya. Duka la wanja likamtumia ujumbe wa kumshukuru.

Usiku ule Chausiku aliketi jikoni na hakugusa pilau. Iliuma, tena iliuma kama kumzika Sikuzani mara ya pili, safari hii kwa vicheko.

"Acha tu," alisema Ndekule. "Umejitahidi."

"Siachi," alisema Chausiku. "Nitaacha nikiwa upande wa pili wa mto, na miguu yangu mikavu."

* * *

Asubuhi alikwenda makao makuu kulalamika. Alipokewa na Bwana Fidelisi, Mkurugenzi wa Ufupishaji, mtu mnene mwenye tai tatu, moja shingoni na mbili kwenye droo kwa dharura.

"Mama," alisema Fidelisi kwa upole mkubwa, "mtambo wetu hauna upendeleo. Umekiona cheti?"

"Nimekiona. Kina fremu nzuri."

"Basi. Mtambo haujui mwanamume wala mwanamke. Unajua tu nani wa kusikilizwa na nani wa kutazamwa. Hayo ni mambo ya kitaalamu."

"Nimesema daraja halipo. Mara nne. Mbona halitoki?"

"Maneno, mama, hufupishwa. Hiyo ndiyo kazi yetu. Ukisema sana, yanabaki machache. Ukisema machache, hayabaki." Fidelisi akajivuta mbele, uso ukimng'aa, maana sasa alikuwa anafika kwenye jambo analojivunia. "Lakini mavazi hatufupishi! Hapo hatuna mchezo. Uchaguzi uliopita mtambo ulisahau hereni za mgombea mmoja, upande wa kushoto, na nchi ikachafuka. Watu waliandamana mtandaoni usiku kucha. Tangu hapo Mheshimiwa Waziri ameamuru vazi la mgombea wa kike litangazwe kikamilifu, kuanzia ukosi hadi pindo, rangi, maua na kila kilichomo, bila kupunguza chochote. Raia ana haki ya kujua."

Chausiku alikuwa ameshanyanyuka kuondoka. Akakaa tena.

"Kila kilichomo?"

"Kila kilichomo, mama. Mpaka kifungo."

"Na hakuna anayeweza kupunguza?"

"Hata mimi siwezi. Ndiyo uzuri wa demokrasia."

Chausiku akatabasamu. Fidelisi alifurahi kumwona, akamwambia hivyo ndivyo inavyotakiwa, atabasamu hivyo hivyo na kura zitakuja.

* * *

Hakwenda nyumbani. Alishuka moja kwa moja sokoni kwa rafiki yake Mwantumu, muuza kanga wa jumla, mwanamke aliyeweza kumgombanisha mtu na jirani yake kwa doti moja tu iliyochaguliwa vizuri. Katika Jamhuri ile, kama katika nchi nyingine zinazojua mambo, mwanamke mwenye neno zito halisemi. Hulinunua, akajifunga, akapita nalo mlangoni kwa mhusika taratibu.

"Shoga, nataka kanga mpya," alisema Chausiku. "Yangu mwenyewe, kutoka kiwandani."

Mwantumu akasugua viganja. "Nani kakukosea? Wifi?"

"Waziri."

"Uuu! Basi ngoja tumtafutie fumbo. Tuweke la kuchoma, lakini la mbali, ajikune asijue kinachomwasha."

"Sitaki fumbo. Andika: DARAJA HALIPO."

Mwantumu alimtazama kwa masikitiko ya mpishi anayeambiwa apike bila chumvi. "Hivyo tu? Kavu kavu? Shoga, kanga ina adabu zake. Lazima mtu aulize, huyu anamsema nani?"

"Safari hii nataka asiulize mtu."

Walibishana mpaka chai ikapoa. Mwisho Mwantumu akakubali maneno, ila akachukua uhuru wake kwenye picha. Pindo likawa jekundu. Katikati, kwenye mji wa kanga, akamwagiza mchoraji aweke mto wa samawati, na nguzo moja ya daraja iliyosimama peke yake kwenye ukingo ikishangaa. Chini yake, kwa herufi nene nyeusi zinazosomeka kutoka barabarani, jina la kanga lilikaa kama lilivyosemwa.

Siku ya mkutano uliofuata Chausiku alipanda jukwaani amejifunga kanga moja kiunoni na nyingine mabegani. Akajibu Maswali ya Heshima yote kwa subira. Akaeleza hata jinsi Ndekule anavyokaanga vitunguu. Alipoambiwa sasa ahutubie, alisimama, akageuka taratibu kulia, akageuka kushoto, akawapa mgongo kidogo ili mtambo uone vizuri, akasema "Ahsanteni," akashuka.

Simu zikalia Jamhuri nzima, mabondeni na milimani, kwa vinyozi na kwenye misiba:

"BI. CHAUSIKU AVAA KANGA MPYA, DOTI NZIMA. Pindo jekundu, mji mweupe wenye mto wa samawati na nguzo moja. Imeandikwa: DARAJA HALIPO. Ya mabegani nayo imeandikwa: DARAJA HALIPO. Hakusema kitu."

Wapenzi wa mavazi, ambao ndio wengi, waliisoma yote kwa makini kama kawaida yao. Wa kwanza akaandika kwamba nyekundu inamkaa. Wa pili akauliza kanga inapatikana wapi. Wa tatu akauliza, "Samahani, daraja lipi?" Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, au kutengenea, inategemea ulikuwa upande gani wa mto.

* * *

Makoroboi aliitisha kikao cha dharura. Washauri wake wote walifika, kila mmoja na tai yake.

"Tuuamuru mtambo uache kutangaza mavazi," alisema mshauri wa kwanza.

"Mpumbavu!" alifoka Makoroboi. "Ukiacha mavazi, utabakiwa na nini? Utabakiwa na anachosema!"

Kikao kikaingiwa na baridi. Hakuna aliyewahi kulifikiria jambo la kutisha kiasi hicho. Mshauri mwingine akapendekeza kanga zipigwe marufuku, lakini akakumbushwa kwamba yeye mwenyewe alizaliwa ndani ya kanga, na wala hakuna mwanamke nchini atakayezika, atakayezaa wala kupika siku hiyo, na wao hapo walikuwa hawajala.

Ikaamuliwa basi liitwe Jeshi la Vidole. Hawa walikuwa vijana na wazee wanaolipwa kwa bando ili watukane mchana na usiku. Waliambiwa watumie mtambo huohuo kutengeneza picha chafu za Bi. Chausiku. Mtambo ukaambiwa: mchore yuko baa, anacheza, amelewa, nguo fupi. Mtambo ulikuwa umemtazama Chausiku sana siku zile, na ulijifunza kwamba Chausiku ni yule mwenye maandishi. Ukamchora baa, kweli, anacheza, nguo fupi ya kumetameta, na mbele ya nguo imeandikwa DARAJA HALIPO. Wakaamuru maandishi yaondolewe. Yakahamia kwenye chupa. Wakaifuta chupa. Yakatokea ukutani, kwa taa za rangi, makubwa zaidi. Vidole vilikuwa na haraka ya bando, vikazituma picha hivyohivyo. Na kwa vile ilikuwa aibu ya mwanamke, nchi nzima ilizipokea kwa pupa, ikazituma tena na tena, hadi kwa mabalozi.

Tusidanganyane, Chausiku aliumia. Alizitazama picha zile moja baada ya nyingine. Alifikiria zahanati, alifikiria wajukuu. Kisha simu ikalia. Alikuwa mama mkwe wake, bibi wa miaka mingi na maneno machache, kama mwanawe.

"Mwanangu, nimekuona baa."

"Mama, wallahi siyo mimi."

"Najua siyo wewe. Wewe ngoma ya harusi tu inakushinda, utacheza baa? Nimekupigia kuuliza jingine. Hilo daraja, kweli halipo?"

"Halipo, mama."

"Na mimi nililipa moyo mwekundu," alisema bibi, sauti imemshuka. "Mjukuu alinishika kidole, nikabonyeza. Ndio hilo lililomwacha Sikuzani?"

"Ndilo."

"Niletee kanga. Niletee doti mbili, moja ya kuzikiwa."

Kesho yake kiwanda cha kanga kilikuwa kinafanya kazi usiku na mchana. Sokoni Mwantumu alikuwa anauza bila kupata nafasi ya kumeza mate, huku bado akisema kwamba fumbo lingekuwa bora zaidi.

* * *

Makoroboi aliamua kumaliza ubishi. Alitangaza kwamba atalivuka daraja yeye mwenyewe, kwa miguu, mubashara, Jamhuri yote ikishuhudia. Msidhani alikuwa jasiri. Alikuwa hajawahi kufika mtoni. Daraja alilijua kwa picha, kama kila mtu, na alikuwa amesaini risala nyingi za kulisifu, na siku zote aliposaini washauri wake walipiga makofi. Hakuna aliyekuwa na tabia mbaya ya kumwambia vinginevyo. Mtu akipigiwa makofi muda mrefu huishia kuamini saruji.

Msafara ukafika Lukumbi Ng'ambo na bendi ya shaba, baada ya kuzunguka siku mbili kwa barabara ya milimani, ili Mheshimiwa avuke akirudi mjini. Ukingo wote wa Ng'ambo ulikuwa umejaa wanawake waliojifunga kanga mpya, kimya, kila mmoja na neno lake lile lile. Mbele yao alisimama Chausiku na begi lake la zahanati. Mto ulikuwa umejaa.

Makoroboi akashuka kwenye gari, akatazama maji, akatazama simu. Kwenye simu daraja lilikuwepo, nguzo nyeupe, taa, samaki. Kwenye maji palikuwa na maji tu.

"Mheshimiwa," alinong'ona Fidelisi, ambaye alikuja na mtambo, "nadhani mwanga wa jua unatuharibia. Ishike simu mbele ya uso, uifuate hiyo."

"Usivuke!" alipiga kelele Chausiku. Ilikuwa ile sauti ya zahanati, na kila mtu aliisikia, hadi bendi ikaacha kupiga. "Mheshimiwa, nakwambia kwa mdomo wangu, daraja halipo!"

Makoroboi aligeuka, akatabasamu kwa kamera. "Mama huyu," alisema, "ana sauti kali." Akainua simu mbele ya uso, akanyoosha mguu wake wa kulia juu ya daraja la taifa, akazama.

Mkondo ulimchukua na simu, na kiti cha enzi kilichokuwa kimetangulizwa mbele. Washauri walikimbilia ukingoni, wakaanza kuandaa taarifa. Chausiku hakungoja taarifa. "Kanga!" aliita, na wanawake wakafungua za mabegani, wakazifunga moja kwa nyingine mafundo ya kubebea watoto, ambayo hayafunguki. Wakarusha. Makoroboi akaidaka DARAJA HALIPO kwa mikono miwili na meno, wakamvuta wakihesabu kwa pamoja mpaka alipotua kwenye tope akiwa hai, akikohoa, akiwa na koti na tai. Suruali ilikuwa imekwenda na mto.

Chausiku akamlaza ubavu, akamkamua maji, akamsikiliza kifua. Kisha akamsitiri kwa doti yake mwenyewe, moja kiunoni na moja mabegani, akaifunga vizuri.

Mheshimiwa alipopata pumzi aliona kamera, na mwanasiasa akiona kamera hupona. Akasimama. Akatoa hotuba ndefu juu ya hujuma za maadui, juu ya mto usio mzalendo, juu ya mipango mizito ya serikali. Pengine ilikuwa hotuba nzuri kuliko zote alizowahi kutoa, kwa sababu aliitoa akiwa macho. Mtambo ulimtazama juu hadi chini, kama ulivyofundishwa, na simu zikalia Jamhuri nzima:

"MGOMBEA AVAA KANGA. Pindo jekundu, mji mweupe wenye mto na nguzo moja. Imeandikwa: DARAJA HALIPO. Nywele zimelowa na hazikuchanwa. Miguu myembamba. Hakutabasamu. Wananchi wauliza: nyumbani nani amepika? Alisema kitu."

Makoroboi akamshika Fidelisi tai. "Nimesema mambo mazito! Nimesema nusu saa! Yako wapi niliyosema?"

"Mheshimiwa," alijibu Fidelisi, "mtambo hauna upendeleo. Una cheti."

Ng'ambo yote ikaangua kicheko, na kicheko kikavuka mto bila daraja, hadi kwa dereva wa gari la wagonjwa aliyekuwa ameegesha upande wa pili. Chausiku hakucheka. Alimsogelea waziri, akamwekea vizuri pindo lililokuwa linamtoka begani, kwa upole wa muuguzi.

"Mheshimiwa, hiyo kanga nimekuazima," alisema. "Utaingia nayo Bungeni, utalala nayo, utakwenda nayo msibani. Hutaivua. Utanirudishia mkononi siku nitakayosimama pale alipokuwa anangojewa Sikuzani, miguu yangu ikiwa mikavu."

Waandishi wakamsogezea vipaza sauti. Mmoja alifungua mdomo kumuuliza juu ya mumewe, akazitazama kanga zilizokuwa zimemzunguka pande zote, akaufunga mdomo, kisha akaufungua tena.

"Mama," aliuliza, "umesema nini?"

Basi akamwambia.